Mstari Mweusi wa Ruyenzi

Biryogo, Kigali
6 Novemba 1988

Mwanangu Swafiya,

Assalaam alaikum. Huku sote wazima, na nikisema sote ni mimi na cherehani ya marehemu mama yako mdogo, maana nyumba haina mwingine. Goti la kushoto linauma asubuhi, mchana linanisamehe. Mukandekezi wa nyumba ya pili anakusalimu. Anasema umekuwa mwalimu mkubwa hata salamu umezisahau. Nikamwambia Tabora ni mbali. Akanijibu kwamba mbali ni kaburini.

Ufundi unakwenda hivyo hivyo. Mkono uliozoea usukani miaka ishirini na miwili haujifunzi sindano kwa siku moja. Juzi nimeshona kaptula, mguu mmoja umeishia gotini na mwingine unatafuta kifundo. Mwenyewe alipoivaa alianza kucheka yeye kabla yangu, nikamshonea nyingine.

Ramadhani iliyopita hukuja. Sikulaumu, nakutajia tu.

Barua hii nampa Habiyaremye, yule tuliyekuwa tukipokezana naye lori. Anashusha mzigo Isaka, na kutoka hapo ataipandisha treni. Nikiiachia posta utaisoma umestaafu.

Sasa nina swali la hesabu, kwa kuwa nyumba hii imesomesha mtu mmoja tu na ni wewe. Nina rafiki, dereva kama nilivyokuwa mimi. Alimgonga mtu wa baiskeli kwenye mteremko, na yule mtu akafa. Rafiki anasema hakuwa akikimbia. Alibeba tani saba za saruji, na anasema ule uzito ndio uliomsukuma. Matairi yaliacha mstari barabarani. Nimesikia ninyi watu wa fizikia mnaweza kuutazama mstari kama ule mkajua gari lilikuwa na mwendo gani. Ni kweli, au ni porojo za vijiweni? Kama ni kweli, niandikie unahitaji kujua nini. Rafiki yangu hapati usingizi.

Ni mimi baba yako mdogo,
Maneno

Tabora
11 Desemba 1988

Baba mdogo, shikamoo.

Barua yako imenifikia ikinuka dizeli, nikajua ni ya nyumbani kabla ya kuona mwandiko. Mimi mzima. Shule imefungwa, walimu wenzangu wamekwenda makwao, na mimi nimebaki na birika langu. Jumapili nzima inaweza kupita sijasikia sauti yangu mwenyewe, basi nikasoma barua yako kwa sauti, mara mbili. Mwambie Mukandekezi salamu zake nimezipata na ulimi wake bado ni ule ule.

Swali lako. Ni kweli, mstari wa matairi unasema mwendo. Dereva akikanyaga breki mpaka magurudumu yakafunga, kinacholisimamisha gari ni msuguano wa mpira na lami, basi. Kila mita ya mstari inakula kiasi fulani cha mwendo, na ukiujua urefu wote unaweza kurudi nyuma hadi mwendo wa mwanzo. Ila nataka nijue mambo matatu: mstari ulikuwa na urefu gani, mteremko ni mkali kiasi gani, na barabara ilikuwa kavu au imelowa.

Saruji hainihusu. Najua rafiki yako hatapenda kusikia hivyo. Lori zito linasukuma zaidi, lakini uzito huo huo unalikandamiza barabarani, na msuguano nao unaongezeka kwa kadiri ile ile. Kwenye hesabu uzito unajifuta pande zote mbili. Tani saba au gari tupu, magurudumu yakishafunga, mstari ni mmoja. Mwambie hiyo sababu aiweke kando.

Kuhusu kutokuja kwangu, baba mdogo, naomba tusiandikiane. Unajua mwenyewe. Tangu baba afariki nikiwa na miaka sita, sijapata kufungua saumu nyumbani kwako ila kwa tende niliyopewa na mkono wako. Ndiyo desturi uliyoiweka wewe. Jioni ya tarehe 19 Mei mwaka jana ilikuwa ya mwisho kwangu kabla ya safari, na uliniahidi. Niliingoja tende hiyo mpaka watu wakatoka msikitini baada ya isha, uji umeganda. Asubuhi nikapanda basi. Baadaye ukaniandikia mstari mmoja kwamba gari liliharibika njiani. Hukutaka niende Tabora, ulilisema hilo waziwazi mwaka mzima. Ungeniambia usoni kwamba hutaki kuniaga, ningekuelewa.

Nimesema tusiandikiane na nimeandika. Nisamehe.

Mwanao,
Swafiya

Kigali
2 Januari 1989

Mwanangu Swafiya,

Wa alaikum salaam. Mwaka umeingia, na goti limeingia nao. Nimeshona gauni la bibi harusi. Usicheke. Lilikuwa la dada mtu, si la bibi harusi mwenyewe, lakini walikaa karibu kwenye picha.

Ya tarehe 19 nimeyasoma. Nimeikunja barua, nikaifungua, nikaikunja tena. Nitakujibu siku yake.

Majibu ya rafiki yangu haya hapa. Alikuwa anatoka Cyangugu kuja Kigali, na mahali penyewe ni Ruyenzi, pale barabara inaposhuka kuelekea daraja la Nyabarongo. Mteremko kibao kinasema tano kwa mia. Kibao kingine kinasema mwendo ni sitini, usizidi. Mstari aliupima mwenyewe siku ya tano, alipoachiwa, kwa tepu ya fundi cherehani, ile ya mita moja na nusu. Alipiga magoti barabarani akaitandaza tepu mara ishirini na tano, na mwishoni akabakiwa na sentimita hamsini. Magari yalikuwa yanampigia honi. Baiskeli ilikuwa mwisho wa tepu ya ishirini. Mstari ulikuwa bado mweusi kama mkaa, ungedhani mtu kauchora.

Barabara ilikuwa imelowa. Ilikuwa mwezi wa tano, saa kumi na moja na nusu jioni, na mvua ilinyesha kweli. Polisi waliokuja kuandika waliikuta inanyesha, wakaandika hivyo. Hawakupima kitu, maji yalikuwa yanawaingia shingoni. Hakimu naye akasema lori liliteleza, hakuna kosa la mtu.

Kwa hiyo piga hesabu ya barabara iliyolowa.

Maneno

Tabora
29 Januari 1989

Baba mdogo, shikamoo.

Natumaini goti linaendelea vizuri. Huku shule imefunguliwa, nina madaftari mia moja na arobaini ya kusahihisha, kwa hiyo nitakuwa mfupi.

Tepu ishirini na tano na nusu mita ni mita thelathini na nane. Kwa lami iliyolowa, msuguano nimeuchukua kuwa nne ya kumi ya uzito. Mteremko unapunguza kidogo, inabaki thelathini na tano ya mia. Kasi ikizidishwa kwa yenyewe ni sawa na mara mbili ya msuguano huo, mara mvuto wa dunia, mara urefu wa mstari. Nimepata mita kumi na sita kwa sekunde na kidogo, yaani kilomita hamsini na nane kwa saa.

Kibao kinasema sitini. Rafiki yako hakuwa na kosa. Mwambie alale.

Mwanao,
Swafiya

Kigali
12 Machi 1989

Mwanangu Swafiya,

Assalaam alaikum. Nimekawia. Habiyaremye amepita kwangu mara tatu na kila mara ameondoka mikono mitupu. Jana kasimama mlangoni akaniambia kwa Kiswahili chake, "Mzee, mi naenda Isaka kesho asubui. Kama barua iko, nipe. Kama haiko, basi usinifanye nipite hapa bure, mafuta iko bei." Ndiyo maana naandika.

Hamsini na nane. Nimeiandika hiyo namba kwa chaki ya ufundi kwenye meza ya kukatia. Nimekata suruali juu yake, nimekata kanzu juu yake, na kila nikiifuta naiandika tena. Nilidhani ukiniletea namba kama hiyo nitalala. Sikulala. Mwanangu, kuna kitu kibaya kuliko kushitakiwa, nacho ni kusamehewa kwa ajili ya kitu ambacho hakikutokea.

Rafiki hayupo, na najua ulishajua. Ni mimi.

Siku ile nilikuwa nimefunga. Msafiri ana ruhusa ya kula, shehe mwenyewe amenieleza mara ngapi, lakini mimi ni kichwa ngumu na sijapata kula mchana wa Ramadhani tangu nibalehe. Nimetoka Cyangugu alfajiri. Pale Gitarama nikatazama saa, nikajua kwamba kwa mwendo wa halali nitafika Biryogo adhana imeshatolewa. Tende zilikuwa mfukoni mwangu, nimezinunua njiani. Nilijua utangoja. Wewe ni mimi mtupu kwa ubishi, ungekaa na njaa mpaka asubuhi. Na kweli nilikuwa sitaki uende Tabora, na kwa sababu hiyo hiyo nilitaka mkono wangu ndio ukupe ile ya mwisho, ujue kwamba nimekubali.

Kwa hiyo nilikimbiza lori. Sikuitazama saa ya mwendo, na hilo ni jibu tosha. Munyaneza, ndilo jina lake, alikuwa anavuka na baiskeli, akiisukuma kwa mkono, ina mkungu wa ndizi nyuma. Alinitazama.

Mvua haikuwepo. Ilikuja baadaye, labda dakika kumi, nikiwa nimeketi kwenye ukingo wa barabara na yeye amelala. Waliokuja wakaniuliza, "Uliteleza?" Sikusema ndiyo. Nilinyamaza tu, na mvua ikanijibia. Waliniweka ndani siku nne. Nilipotoka ulikuwa umekwisha kwenda, nikawakataza wote wasikuandikie. Usukani nimeuacha mwenyewe, hakuna aliyeninyang'anya.

Sasa nipigie hesabu ya barabara kavu. Na unijibu jambo la pili: kama ningekuwa kwenye sitini, ningesimama wapi? Usinipe sukari. Mimi ndiye niliyekufundisha kuhesabu, kwa vifungo vya mashati, kwenye meza hii hii.

Maneno

Tabora
2 Aprili 1989

Baba yangu mdogo, shikamoo.

Nianze na kosa langu. Nilijua tangu barua yako ya Januari. Barabara iliyolowa haiachi mstari mweusi kama mkaa. Maji yanakaa kati ya mpira na lami, tairi linateleza bila kuungua, na kinachobaki ni alama hafifu inayopotea ikikauka. Mstari unaokaa siku tano chini ya mvua za Mei ni mpira ulioungua kwenye lami kavu. Hilo nalifundisha kidato cha tatu. Na mwezi wa tano, saa kumi na moja na nusu, ukitoka Cyangugu! Hivi ulidhani sitaijua siku ile? Niliijua, nikaogopa, nikakupa namba uliyoiomba. Nilitaka ulale. Nilitaka na mimi nilale, kwa sababu nikikubali kwamba barabara ilikuwa kavu, ilinibidi nijue ulikuwa unakimbilia nini.

Miaka miwili nimekaa hapa nimenuna kwa ajili ya tende.

Hesabu hii hapa, bila sukari. Lami kavu nimeichukua sita ya kumi, toa mteremko, inabaki hamsini na tano ya mia. Mita thelathini na nane. Ulikuwa kwenye kilomita sabini na tatu kwa saa, labda moja juu au moja chini.

Swali la pili. Kwenye sitini, kwa breki zile zile na lami ile ile, lori lingesimama baada ya mita ishirini na tano na sentimita themanini. Mwendo ukipungua kidogo, mstari unapungua sana, hivyo ndivyo ilivyo siku zote. Baiskeli ilikuwa kwenye mita ya thelathini. Ungesimama mita nne na robo hivi kabla ya kumfikia. Na hapo sijahesabu ile sekunde moja kabla mguu haujafika kwenye breki, ambayo nayo ingekupa mita tatu nyingine.

Nimeirudia mara nne. Nilikuwa natafuta mahali nilipokosea, sikupata. Niliandika ubaoni darasani, wanafunzi wakiwa wamekwenda kula, nikakaa dawati la mbele nikaitazama. Nililia, baba mdogo, nakuambia hivyo ilivyo.

Sijui la kukushauri. Mimi najua namba tu.

Swafiya

Kigali
20 Aprili 1989

Mwanangu Swafiya,

Assalaam alaikum, na Ramadhani njema. Leo ni ya kumi na tatu kwetu. Mukandekezi ananiletea uji kila jioni ingawa yeye ni Mkatoliki, anauacha dirishani na kunitukana kidogo ili nisimshukuru.

Mita nne na robo. Unajua ni nini hiyo kwa fundi? Ni kitambaa cha kanzu moja na kipande kidogo kinachobaki. Ninakikata kila wiki. Nilikitandaza mezani nikakaa nacho mpaka adhana.

Jumamosi nilipanda gari nikashuka Ruyenzi. Nilijua nyumba ilipo. Nimepita karibu nayo mara mbili mwaka huu nikarudi. Mjane wa Munyaneza anaitwa Mukashema. Nilimkuta shambani anapalilia maharage, juu kidogo ya barabara. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu Biryogo, kwa Kinyarwanda kizuri. Yote yalinitoka. Nikasema tu, "Mama, mimi ndiye wa lori. Mvua haikuwepo."

Hakuinua kichwa. Akamaliza mstari aliokuwa anapalilia, kisha akasema, "Najua haikuwepo. Nilikuwa hapa hapa. Nilishuka mbio, vumbi likanijaa mdomoni. Mvua ilininyeshea nikiwa nimemshika. Ninyi mahakamani mkasema mvua, mvua. Hakuna aliyeniuliza. Nikasema basi, nitangoja mmoja wao aje aseme."

Miaka miwili, Swafiya. Wewe ulijua, mimi nilijua, na yeye alijua kabla yetu sote. Sijui kwa uwongo ule tulikuwa tunamdanganya nani.

Akaniuliza, "Ulikuwa unakimbilia nini?" Nikamjibu, "Kufuturu. Na mtoto." Akasema, "Na yeye alikuwa anakuja kula."

Nikamweleza hesabu yako. Sikujua kama nifanye hivyo, lakini sikutaka kumficha tena kitu. Akataka aone. Tukashuka barabarani. Mstari umekwisha futika, ila mti wa mkaratusi pale alipoangukia upo, na mimi sehemu ile naijua kuliko kitanda changu. Nikapiga magoti, nikapima kwa tepu kurudi juu kutoka pale, tepu mbili, na ya tatu nikaishia kwenye sentimita mia na ishirini na tano. Nikaweka jiwe. Nikamwambia, "Hapa ndipo ningesimama." Alisimama kwenye jiwe. Kisha akatembea hadi kwenye mkaratusi, polepole, anahesabu kwa sauti ndogo. Hatua sita. Akarudi kwenye jiwe, akahesabu tena, sita.

Nilimwambia niko tayari kwenda kuyasema mbele ya hakimu. Akasema atawauliza kwanza shemeji zake, nirudi baada ya mavuno ya maharage. Nitarudi. Hakuniambia amenisamehe, na mimi sikuomba. Aliniambia tu mawingu yanakuja, niondoke kabla barabara haijaanza kuteleza. Akapanda kurudi shambani kwake.

Usiku ule nililala. Sitakudanganya kwamba nililala kwa raha, ila nililala.

Tende za siku ile nilirudishiwa pamoja na mkanda na saa yangu nilipoachiwa. Zimo ndani ya kopo, kabatini. Zimekuwa ngumu kama kokoto, hazifai. Nimeshindwa kuzitupa. Wewe usijilaumu hata kidogo, mguu ulikuwa wangu.

Mimi baba yako mdogo,
Maneno

Tabora
28 Aprili 1989

Baba mdogo, shikamoo.

Barua yako imefika kwa siku nane, Habiyaremye anastahili dua. Mwalimu mkuu amenipa ruhusa ya wiki mbili. Nitapanda treni Jumatatu hadi Isaka, na Jumanne nitakuwa kwenye lori la Habiyaremye, tukivuka mpaka wa Rusumo. Ameniambia kwa simu ya stesheni kwamba akikaza mwendo tutafika Biryogo Jumatano kabla ya magharibi, na barua hii itatangulia na dereva mwenzake.

Nimemkataza asikaze. Nimemwambia nitakuwa nimekaa pembeni yake natazama saa ya mwendo, na ikipita sitini nashuka, hata kama ni porini.

Kwa hiyo huenda tukachelewa. Adhana ikitolewa sijafika, fungua, baba mdogo. Kula, kunywa uji wa Mukandekezi ukiwa wa moto, kaswali. Usitoke barabarani kunitazamia. Niwekee tende moja tu, mpya, nitaikuta hata iwe saa ngapi. Na usiku huo nataka unionyeshe hilo kopo.

Baada ya Idi, kabla sijarudi, tutakwenda wote Ruyenzi.

Mwanao,
Swafiya